Kazi Uliyoifanya Hadharani: Namna ya Kuizungumzia Unapoomba Kazi ya Kompyuta

Haya ni maneno tuliyoyatoa Nyakabere, katika mkutano wa familia zilizohamishwa, familia zinazozipokea na viongozi wa vijiji na mitaa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



Mara ya mwisho tulipofika hapa tulizungumza juu ya mashamba na maji. Mkutano ulipokwisha, mzee mmoja alitushika mkono akatupeleka pembeni. Akasema: "Mtoto wangu anakesha kwenye kompyuta ya kuazima. Anakula mega za nyumba nzima. Nikimuuliza kazi hiyo ni ya nani, ananiambia ni ya watu wote. Nikimuuliza nani anamlipa, ananiambia hakuna. Sasa ninyi watu wa mashirika, niambieni: mtoto huyu anafanya kazi au amepotea?"

Siku ile tulicheka naye tukaondoka. Njiani tuliona aibu, kwa sababu swali lake lilikuwa la kweli na hatukulijibu. Tumerudi nalo leo.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Programu ya kompyuta ni maandishi. Kuna mtu ameketi akaandika, mstari kwa mstari, maagizo ambayo mashine itayafuata. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kampuni nyingi huuficha msimbo wao, kama mganga anavyoficha mizizi yake. Lakini kuna programu ambazo msimbo wake umewekwa wazi kwa kila mtu: unaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kumpa mwenzako. Hizo ndizo programu huria. Zinajengwa na watu wengi walioko nchi mbalimbali, wengine wamelipwa na wengine hawakulipwa, na kazi ambayo kila mmoja anaongeza huitwa mchango. (Hapa kwetu ukitaja mchango watu wanatazama mlangoni kama daftari la fedha za matanga linaingia. Huu ni mchango wa kazi, si wa franka.)

Mkitaka mfano wa karibu, fikirini salongo. Watu wanatoka na majembe, wanazibua mfereji, na maji yanapita kwa wote. Wazee wanaokumbuka salongo ya zamani watatukatiza: ile ilikuwa ya lazima. Ni kweli. Hii ni ya hiari. Tena ina tofauti nyingine, na tofauti hiyo ndiyo sababu ya hotuba hii. Kwenye salongo, jioni hakuna anayeweza kusema ni jembe la nani lililochimba wapi. Kwenye programu huria, kila pigo la jembe linaandikwa.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya kuandikia barua na mahesabu kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice, na iliwezekana kwa sababu msimbo wake wa asili ulikuwa wazi. Mwaka huohuo wataalamu wa Indiana, Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Eldoret, Kenya, walianza OpenMRS, programu ya kutunza mafaili ya wagonjwa, na mwaka 2006 ilikuwa inafanya kazi Eldoret. Mnawafahamu vijana wanaokuja na simu kuwauliza idadi ya watu katika nyumba, chakula cha jana, umbali wa bomba? Mara nyingi programu iliyo ndani ya simu zile ni KoboToolbox, nayo ni huria. Takwimu za vituo vya afya vya nchi yetu zinapita katika DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, nayo pia ni huria. Kwa hiyo ninyi mmekwisha kuhesabiwa na programu hizi mara nyingi. Kilichobaki ni watoto wenu kuwa miongoni mwa wanaozitengeneza.

Kuna moja tunaipenda kwa jina lake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani walichinjana nchini Kenya. Mapema Januari 2008 Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya, alitoa wito watengenezwe chombo cha kupokea habari za maovu kutoka kwa wananchi wenyewe na kuzionyesha kwenye ramani. Katika siku chache tu akina Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao walikuwa wamekijenga. Wakakiita Ushahidi. Msimbo ukawekwa wazi. Mwishoni mwa 2008 kilijaribiwa huku kwetu mashariki mwa Kongo, na Januari 2010 tetemeko lilipoipiga Haiti, kilitumika kule ng'ambo ya bahari. Waliofanya kazi ile wakiwa hawana mshahara walijulikana kwa kazi hiyo. Hakuna aliyehitaji kuwaombea kwa mkuu wa ofisi.

Sasa turudi kwetu.

Sisi tulio hapa tunajua karatasi ni kitu dhaifu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipoingia Uvira, ulichukua watu makumi na nyumba kwa maelfu, na ndani ya nyumba zile mlikuwa na mifuko ya plastiki yenye diploma za Serikali, vyeti vya kazi, vitambulisho. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, lilifuata zilizobaki pwani. Waliokimbia mapigano ya 2025 wanajua walichoweza kubeba: mtoto, sufuria, labda godoro. Tumekutana na kijana aliyemaliza miaka mitatu ya chuo na hana hata nusu karatasi ya kuonyesha. Akienda kuomba kazi anaonekana kama mtu aliyezaliwa jana.

Na hata mwenye karatasi, mnajua linalosemwa. Kazi inatolewa kwa mkono wa mtu. "Nani amekutuma?" ndilo swali la kwanza, na nyuma yake limejificha swali la pili: "Wewe ni wa kabila gani?" Tumeona nafasi moja tu ya kazi katika shirika ikileta maneno makali kati ya jamii mbili, wiki nzima, mpaka mawe yakataka kuokotwa. Nafasi moja, ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta! Mkaguzi wa amani anayedhani vita huanzia milimani angekuja siku ile asome orodha iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi.

Ndiyo maana kazi ya hadharani ina uzito kwetu kuliko kwa kijana wa mji wenye amani. Wajenzi wa programu huria wengi wanatumia chombo kiitwacho Git, ambacho Linus Torvalds alikianza mwaka 2005, yeye yule aliyeanzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Git inaandika kila badiliko: nani amelifanya, siku gani, saa ngapi, na maneno machache ya kueleza sababu. Daftari hilo haliko mahali pamoja. Kila anayefanya kazi ana nakala yake nzima. Kompyuta ya hapa ikizama mtoni, daftari liko Eldoret, liko Oslo, liko Dar es Salaam. Na uzuri mwingine kwa watu wanaokatiwa umeme kama sisi: Git inafanya kazi bila mtandao. Kijana anaweza kufanya kazi siku nne hapa Nyakabere, akaenda Uvira mara moja, akatuma yote kwa mega chache. Mzee wetu mwenye swali, hili lihifadhi kwa ajili ya bajeti ya nyumbani.

Basi kijana ana ushahidi wake. Je, unatosha? Hapana. Ushahidi bila mtu wa kuueleza ni kama mfuko wa karatasi kwa lugha asiyoijua hakimu. Hapa ndipo tumeona vijana wetu wengi wakianguka, na kwa njia mbili zinazopingana.

Njia ya kwanza ni kujivika koti la wengine. Tulimsaidia kijana mmoja kupata mahojiano ya kazi kwa njia ya simu yenye picha. Kwenye wasifu wake alikuwa ameandika kwamba "ametengeneza" programu moja kubwa ya mafaili ya wagonjwa. Mwuliza maswali hakubishana. Alifungua tu ukurasa wa programu ile wakati wanaongea, akatafuta jina la kijana, akalikuta mara moja. Alikuwa amesahihisha kosa la maandishi katika maelezo ya matumizi. Herufi mbili. Kijana angesema hivyo tangu mwanzo, herufi mbili zingekuwa heshima yake, maana aliyesoma maelezo mpaka akaona kosa ni mtu makini. Lakini alikuwa amedai nyumba nzima, na sasa ameshikwa na tofali moja mkononi. Mahojiano yalikwisha kwa adabu. Hakuitwa tena. Nasi tuliosoma wasifu ule kabla haujatumwa, tukaunyamazia, tulijiona wakosaji kuliko yeye.

Njia ya pili ni ya watoto waliolelewa vizuri. Ukimuuliza ulifanya nini, anajibu: "Tulifanya." Tulirekebisha, tulijaribu, tulifaulu. Kwetu mtu anayesema mimi, mimi, mimi, anaonekana hana wazazi. Hata sisi tunaozungumza mbele yenu tangu asubuhi tunasema "sisi", na hatujui namna nyingine. Lakini anayetafuta mfanyakazi hawezi kuajiri "sisi". Anataka kujua mikono hii miwili ilishika nini. Tulimwona msichana mwenye kazi nzuri kuliko wenzake wote watatu akirudi bila kitu kwa sababu kila jibu lake liliwapa wengine sifa. Alipotueleza baadaye, tulimuuliza: ile sehemu ngumu ya tarehe, nani aliiandika? Akainamisha kichwa. "Mimi."

Vijana, tusikilizeni hapa. Katika mahojiano, "sisi" na "mimi" yote mawili yana mahali pake, na ustadi ni kujua mpaka. Sema hivi kwa mfano: "Programu hii imejengwa na watu wengi, mimi nilijiunga nayo mwaka jana. Niliona kwamba mgonjwa asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa hawezi kuandikishwa. Huku kwetu watu wa namna hiyo ni wengi. Niliandika sehemu inayoruhusu mwaka wa kukadiria. Wasimamizi waliikataa mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimevunja sehemu nyingine bila kujua. Nikarekebisha, nikaongeza majaribio, ikakubaliwa." Maneno hayo yanachukua dakika moja. Ndani yake kuna tatizo, sababu ya wewe kuliona, kazi yako, kosa lako na mwisho wake. Hakuna aliyenyang'anywa kitu, na wewe hukujificha.

Mmeona tumeingiza kosa. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Wengi wanaficha kwamba mchango wao ulikataliwa, wakati kukataliwa kumeandikwa palepale wazi, na mwajiri mzuri anakwenda kukusoma hapo kwanza. Jina kwenye Git mtu anaweza kujiandikia mwenyewe apendavyo, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi sana. Kinachothibitisha ni mazungumzo: msimamizi wa programu aliuliza nini, ulimjibu vipi, ulikasirika, ulitoweka wiki sita, au ulirudi na kazi iliyonyooka. Mtu anayeweza kuambiwa "hapana" mbele ya watu wote na akarudi kesho yake kwa heshima ni mtu ambaye hata kamati zetu za usuluhishi zingemtaka.

Na tafadhali acheni kujisifu kwa hesabu. Kijana anatuambia: "Nimefanya mabadiliko elfu tatu kwenye OpenStreetMap." OpenStreetMap ni ramani huria ya dunia iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, na tunafurahi kuona vijana wetu wakiichora. Lakini elfu tatu za nini? Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora mitaa yao iliyokuwa haionekani kwenye ramani za watu. Kuanzia 2015 wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam, katika kazi iitwayo Ramani Huria, walitembea kata kwa kata wakichora mifereji na nyumba kwa sababu ya mafuriko. Anayetoka katika kazi kama hiyo anaweza kusema: "Nilitembea mfereji huu kwa miguu, nikakuta picha ya angani inaonyesha njia ambayo maji hayapiti tena, nikaisahihisha." Sentensi hiyo moja inashinda elfu tatu. Watu wa Uvira waliouona Mulongwe ukihama hawahitaji maelezo zaidi.

Kwenye wasifu, andikeni mchango chini ya kichwa chake chenyewe, si chini ya kazi za kulipwa. Kuuita ajira ni uongo mdogo unaoharibu mkubwa. Wekeni jina la programu, kwa ufupi inafanya nini, mlichokifanya ninyi, mwaka, na anwani ya ukurasa ambapo kinaonekana. Michango miwili au mitatu inatosha, ile mnayoweza kuieleza mkiamshwa usiku. Mahali pengine kama Uvira na Bukavu mtandao unaweza kukatika katikati ya mahojiano, kwa hiyo chapisheni ukurasa mmoja mwende nao. Na kama mlichotoa ni tafsiri ya Kiswahili, au maelezo ya matumizi, au taarifa nzuri ya kosa lililowashinda wengine, kiandikeni bila haya. Hakuna programu inayotumika vijijini bila kazi hizo.

Kuna kazi ambayo hamruhusiwi kuionyesha hata kama ni nzuri kuliko zote. Msimbo mliouandika mkiwa mmeajiriwa mara nyingi ni wa mwajiri mpaka mkataba useme vinginevyo. Na orodha za watu waliosaidiwa, majina, namba za simu, mahali walipolala, hizo si za kuonyeshwa kwa yeyote, hata kwa sekunde tano ili kumvutia mwajiri. Tumewahi kuona mtu akifungua faili la namna hiyo katika mahojiano. Waliokuwa mezani waliangaliana. Mtu anayefungua siri za wahamishwa wenzake ili apate kazi atafungua na za kwao.

Sasa tuzungumze juu ya usalama, na hapa tunawaomba wazazi wasogee. Hadharani maana yake ni hadharani. Anayeandika jina lake kamili, picha yake na kijiji chake kwenye ukurasa wa kazi anaonwa na mwajiri, lakini anaonwa na wengine pia. Inaruhusiwa kutumia jina la kubuni, na watu wengi wenye amani yao wanafanya hivyo. Mkifanya hivyo, tumieni anwani ya barua pepe isiyotaja jina la ukoo, kwa sababu Git inaiandika kwenye kila badiliko na kuifuta baadaye ni taabu. Siku ya kuomba kazi, kijana anaweza kumthibitishia mwajiri kwamba jina lile ni lake kwa kuingia katika ukurasa wake mbele yake. Kuhusu ramani: choreni shule, zahanati, visima, madaraja, mifereji. Mahali pa askari, vizuizi vya barabarani, nyumba ambayo familia fulani imejificha, hapana. Msichore, na mwajiri akiwaomba mfano wa namna hiyo, ondokeni.

Tusiwadanganye mkatoka hapa mkiuza mbuzi kununua kompyuta. Mashirika mengi ya hapa bado yanataka diploma, vyeti vya huduma, karatasi ya ONEM, na bila hivyo barua haifunguliwi. Mchango hadharani hauondoi hayo leo wala kesho. Unasaidia zaidi kwa kazi za programu zenyewe, hasa za waajiri walio mbali ambao hawawezi kukuona, na unasaidia pale ambapo wawili wana karatasi sawa. Wasimamizi wa programu walioko Nairobi au Oslo hawajui Mfuliiru, Mvira, Mbembe, Mrundi wala Munyamulenge. Wanaona kazi kwanza. Hilo ni pumziko. Lakini wengine wakiona jina la Kiafrika nao wana kabila zao vichwani, basi msiende kama watu wanaoingia peponi.

Na kuna dhuluma moja ambayo watu wa kompyuta hawapendi kuizungumza. Kuchangia bila malipo kunahitaji saa za bure. Nani ana saa za bure katika nyumba ya wahamishwa? Mvulana, kidogo. Dada yake amekwenda kuteka maji, akirudi anapika, akimaliza kuna mdogo mgongoni, na giza limeingia. Kisha mwajiri anauliza: mbona wewe huna michango? Yule msichana wa tarehe tuliyemtaja alifanya kazi yake yote alfajiri, kabla ndoo hazijaanza kugongana. Ninyi wazazi mna uwezo wa kumpa binti saa mbili kwa wiki ambazo hakuna atakayemwita. Nanyi mliomo katika kamati za kuajiri, mtu asiye na mchango hadharani msimhesabu kuwa hajui. Mpeni jaribio dogo, palepale, lilelile kwa wote.

Machefu na viongozi, neno lenu ni hili. Watu huja kwenu kutaka barua ya kuwatambulisha. Mara nyingi barua husema tu kwamba fulani ni mwenyeji na ana tabia njema. Mwulizeni kijana: kazi yako inaonekana wapi? Akuonyesheni, hata kwenye simu, hata kama hamtaelewa mistari yenyewe. Andikeni katika barua kwamba mmeona, na mahali ilipo. Ile nafasi iliyokaribia kutuletea mawe, mnajua ilitulizwa vipi? Kamati ilikubali kuwaita waombaji waliobaki watatu mbele ya wawakilishi wa jamii zote mbili. Kila mmoja akaonyesha kazi yake ukutani kwa mashine ya kuazima, akaulizwa maswali yaleyale, akapewa jedwali lilelile la takwimu alisafishe kwa dakika thelathini. Aliyepata hakuwapendeza wote. Mzee mmoja aliondoka akinung'unika. Lakini alinung'unika juu ya jedwali, hakutaja kabila la mtu, na jioni ile watu walilala.

Kwa mzee aliyetuuliza swali: tumezungumza na mtoto wako kwa ruhusa yake, na tumeona kazi yake. Anafanya kazi. Bado ni kidogo, ni michango mitano, miwili imekataliwa, na wa tatu bado unabishaniwa. Hajui kuueleza vizuri, na hilo tunaweza kumsaidia. Kuhusu mega, kwelini ametumia nyingi mno kwa video, na hilo ni lenu wawili kulimaliza nyumbani.

Jumamosi tutakuwa hapahapa saa tatu asubuhi, tuna kompyuta mbili na betri iliyojaa. Vijana watakaa wawili wawili, mmoja mwajiri na mwingine mwombaji, kisha watabadilishana. Kila mmoja aje na kitu kimoja alichokifanya, hata kama ni herufi mbili. Wasichana wataanza, ili wawahi kurudi maji. Sasa tunafungua maswali, na tunaona mama pale karibu na mlango ameinua mkono tangu tulipotaja saa mbili za binti.